Mikanda Mizima ya Mjomba

"Na wewe unausikia?"

Mjomba aliniuliza hivyo asubuhi moja uani kwetu Kwamndolwa, akiwa ameinamia injini, boneti imesimamishwa kwa kijiti kwa sababu chuma chake kilishapotea zamani. Gari lilikuwa linaunguruma na kuku wamelikimbia. Nilisogeza sikio. Nilisikia injini, redio ya jirani, na mtu aliyekuwa akitwanga kwenye nyumba ya pili. Mlio aliokuwa akiuuliza, ule mwembamba wa mkanda unaoteleza, sikuusikia. Lakini alikuwa ananitazama mimi usoni badala ya injini, na sikuweza kusema ndiyo wala hapana.

"Basi," akasema, akazima. "Nitaubadilisha."

Mkanda ule alikuwa ameufunga mwezi uliopita.

Kwa asiyeyajua magari: mkanda ni ule mpira mweusi ulioko mbele ya injini. Injini inauzungusha, nao unazungusha feni, pampu ya maji na altaneta inayochaji betri. Maji yanapita kwenye mipira minene inayotoka kwenye rejeta, ile inayoyapoza, na kurudi. Mkanda ukikatika, maji yanasimama na injini inachemka. Ukilazimisha kwenda, unaiua. Mipira ikipasuka ni vilevile. Kwa hiyo vitu hivi vinakaguliwa, vinaminywa kwa vidole, na vikianza kupata nyufa vinabadilishwa. Hapo hakuna muujiza. Mkanda mzuri unakaa miaka. Wa mjomba haukuwa unapewa nafasi ya kuzeeka.

Nilikuwa nimetoka chuo, nasubiri kazi ambayo haikuwa na haraka na mimi, na nilikuwa na tabia ya kuuliza "umejuaje?" ambayo ilikuwa imeichosha nyumba nzima. Bibi, aliyewazaa mama na mjomba, alikuwa akisema, "Huyu hata ukimwambia kumekucha atataka shahidi." Alisema kwa mapenzi, lakini alisema.

Bibi hakuwa mwenyeji wa pale. Kwake kulikuwa Kwaluguru, upande wa Handeni, ambako alikuwa na nyumba yake, mihogo yake na makaburi ya watu wake. Mama alimleta Korogwe alipoanza kuishiwa nguvu za miguu, akae karibu na hospitali. Akakaa, akawa mgeni asiyeondoka. Kila Ijumaa baada ya swala alikuwa akiuliza swali lilelile, akilielekeza kwa mjomba kama vile sisi wengine hatumo chumbani.

"Unanipeleka lini kwangu?"

"Nitakupeleka mama. Gari likitengemaa."

"Likitengemaa," bibi anarudia, anatazama pembeni.

Magari ya kwenda Handeni yanatoka Korogwe asubuhi hadi jioni, na pikipiki za kumfikisha Kwaluguru zipo. Mama alijitolea kumpeleka hata mara mbili tatu. Bibi alikataa. Alisema alitaka kupelekwa na mwanawe, kwa gari la mwanawe, na akaongeza maneno ya Kizigua ambayo mama alikataa kunitafsiria. Na mjomba, ambaye kila wiki alipandisha gari lile milimani Dindira kuchukua viazi na kabichi, njia inayopinda mpaka unaona taa zako za nyuma, hakuwa amekanyaga njia ya Kwaluguru tangu mdogo wao afariki.

Huyo mdogo wao alikuwa mama yangu mdogo. Nilikuwa bweni, kidato cha tatu, alipokufa. Niliambiwa kwamba aliugua ghafla, kwamba mjomba alikuwa anamkimbiza kutoka Kwaluguru kwenda hospitali Handeni, na kwamba gari liliharibika njiani. Hayo tu. Kwetu habari ya msiba inatolewa kwa maneno machache na ukiongeza swali unaonekana unachokonoa kidonda. Nilikuwa na maswali mengi, nikayameza, nikarudi kusoma.

Sasa nilikuwa mtu mzima na nina muda.

Mikanda ya zamani mjomba hakuitupa. Ilikuwa stoo, kila mmoja kwenye msumari wake, na mipira ya rejeta imelazwa chini imepindana. Mchana mmoja aliposafiri niliingia nikaanza kuishusha. Nilikuwa najua cha kutafuta, maana nilishasoma: nyufa ndogo upande wa ndani, kingo zilizonyofoka, sehemu zinazong'aa kwa kuteleza. Niliikunja kinyume mmoja baada ya mwingine. Hakuna ufa. Mipira niliiminya, ilikuwa na unene wake na ilirudi umbo lake. Nilikaa chini sakafuni nikiwa na mkanda mkononi, ukiwa na harufu ya dukani bado, na kwa mara ya kwanza sikuona kichekesho. Niliona hofu ya mtu imepangwa ukutani kwa misumari.

Niliuchukua mmoja nikampelekea fundi wa gereji iliyo nyuma ya stendi. Aliupokea, akauvuta, akaunusa hata.

"Dada, huu mkanda umevaliwa kweli? Au mmeutembeza mjini mkaurudisha?"

"Umevaliwa mwezi."

"Huu unaweza kumfungia ng'ombe. Niuzie."

"Ni wa mjomba wangu."

Akaacha kucheka. "Mzee wa mikanda ni mjomba wako?"

Ndivyo walivyomwita. Pale stendi madereva wenzake walikuwa hawamwachi. Nimeshawasikia kwa masikio yangu: "Mzee wa mikanda! Leo umebadili?" Na mwingine, "Tuambie basi, mke akichakaa pia unabadili?" Mjomba aliwajibu bila kugeuka, "Mke hakatiki njiani." Wakaangua kicheko, na wakagongeana mikono, na mimi nilicheka nao mpaka nilipouona uso wake kwenye kioo cha pembeni.

Fundi alinirudishia ule mkanda. "Huwa ananunua kwetu," akasema, "lakini hataki tumfungie. Anafunga mwenyewe. Na akifunga anaongea."

"Anaongea na nani?"

"Sasa hapo, dada, mimi sikuuliza. Kuna mambo mtu unayaona unapita."

Mtaani walikuwa na jibu, bila shaka. Walisema mama mdogo hajaondoka kwenye gari lile. Walisema ukipanda nyuma, upande wa kushoto, unasikia kama mtu amekuegemea. Jirani yetu mmoja aliniapia kwamba alipanda toka Dindira na bega lake liliuma siku mbili. Nilimuuliza alikuwa amebeba nini. Gunia la viazi, akasema, lakini lilikuwa bega lingine. Nilimwambia mama haya nikitarajia tucheke. Alikuwa anasonga ugali. Akasimamisha mwiko.

"Usikae nyuma ya gari la mjomba wako kufanya utafiti."

"Mama, na wewe unaamini?"

"Sijasema naamini. Nimesema mwache."

Mama yangu alikuwa mwalimu, na si mtu wa kuogopa vivuli. Nilikuwa nimezoea kuwa upande mmoja na yeye katika mambo haya. Ilinisumbua kuona amebaki na mwiko juu namna ile, unga unaganda, mpaka nikauchukua mimi.

Basi nilipanda mbele. Nilimwomba mjomba anichukue twende Dindira, nikasema nataka kuona mashamba ya chai, na alikubali kwa sababu alipenda kuwa na mtu wa kumzungumzisha. Tulichukua kabichi kwa mama mmoja wa Kishambaa aliyemtania kwamba safari hii ameleta mke, akaambiwa ni mpwa, akasema, "Basi mpwa nipe mimi, nina kijana," na mjomba akacheka vizuri kabisa kama mtu mwingine. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashina ya chai. Wakati wa kushuka alisimama kwenye kona moja pana ili breki zipoe, na hapo, bila mimi kuuliza, akaanza.

Alisema kwamba asubuhi ile, miaka ile, mkanda ulikuwa unalia tangu juzi yake. Alikuwa anausikia. Alikuwa anaupaka sabuni ya kipande, kama wanavyofanya wengi, na sabuni ikiingia mlio unanyamaza, na mlio ukinyamaza unasahau. Alikuwa na nia ya kununua mpya siku ya soko. Ndipo mama mdogo alipoanza kutapika na kushika tumbo, akachanganyikiwa kwa homa, na ikabidi waondoke kama walivyo. Mama yangu na bibi walikaa nyuma, wamemlaza katikati yao, kichwa kwa bibi.

"Nilikuwa nauliza kila mara, 'Anaendeleaje?' Bibi yako ananijibu, 'Amelala.' Nikafurahi. Nikasema kama amepata usingizi, amepata nafuu."

Taa ya betri iliwaka. Usukani ukawa mzito. Akajua kabla hajasimama. Aliruka nje, akaweka matawi barabarani mbele na nyuma ya gari, kwa sababu hata kama unafiwa sheria ya njia ni ile, na akafungua boneti akaukuta mkanda umekatika umejikunja kama nyoka aliyepigwa.

"Unajua gari unaweza kulifunga khanga?" akaniuliza. "Unaisokota, unaifunga fundo dogo mahali pa mkanda, inazungusha maji kidogo. Nikakimbia nyuma nikamwambia mama yako, 'Nipe hiyo aliyofunikwa.' Mama yako akanikatalia."

"Alikukatalia?"

"Alininyima khanga. Alinitolea macho kama vile nimemtukana. Bibi yako ndiye aliyevua ya kichwani kwake akanipa. Mama yako ananipenda, najua. Lakini siku ile alininyima khanga."

Ile khanga ya bibi iliwasogeza kidogo, ikaungua. Wakakaa wakisubiri. Pikipiki hazikuwa nyingi wakati ule, na lori lililokuja lilikuwa linaelekea walikotoka. Lilipopatikana gari na wakafika Handeni, muuguzi alimtazama mgonjwa, akamtazama mjomba aliyekuwa mweusi mikono mpaka viwiko, akasema kwa upole kwamba wamechelewa.

"Tumechelewa," mjomba akarudia, akiwasha gari. "Kwa ajili ya kitu cha mpira."

Tuliteremka mpaka bondeni. Mimi nilikuwa nakokotoa. Nilikuwa nataka kumwambia kwamba hakuna anayejua kama dakika zile zingemwokoa, kwamba tumbo lile huenda lilikuwa limeshapasuka ndani, kwamba kufuatana kwa mambo mawili si ushahidi kwamba moja limesababisha lingine. Yote niliyafundishwa na yote ni kweli. Nilimtazama alivyoshika usukani, nikaona kwamba hayo maneno yangekuwa ni kumfunga gari kwa khanga.

Bibi alianza kuvimba miguu. Ijumaa moja hakuuliza swali lake. Hilo ndilo lililotutisha.

Nilimfuata mjomba nikampa pendekezo. Nilisema: tufunge kila kitu kipya, mikanda, mipira, klipu. Mimi niwepo nione. Tubebe na akiba. Halafu njiani, akiusikia ule mlio, asisimame; aniulize mimi. Nikisema hapana, twende.

"Yaani wewe uwe masikio yangu."

"Mimi niwe masikio yako."

"Na ukiusikia?"

"Nikiusikia nitasema."

Tulifanya kazi siku nzima. Alimwaga maji ya rejeta kwenye beseni, akafungua klipu, akaing'oa mipira ile ambayo haikuwa na kosa, na mahali ilipogandia alikata kwa kisu taratibu ili asikwangue shingo ya rejeta. Alipofika kwenye mkanda alilegeza boliti ya altaneta, akausukuma, akauvua. Nilisubiri aongee kama fundi alivyosema. Aliongea. Ilikuwa sauti ya chini, na haikuwa dua. Alikuwa anamweleza mtu anachofanya: sasa naulaza hapa, sasa naukaza, ona, haulegei. Kama unavyomzungumzisha mtoto unayemfunga bendeji. Nilishika tochi na sikuuliza anayeambiwa ni nani.

Mama alisema haji. Alisema ana madaftari ya kusahihisha, na shule zilikuwa zimefungwa.

Tuliondoka asubuhi. Bibi alikataa kiti cha mbele, akapanda nyuma, upande wa kulia karibu na mlango, akaacha nafasi kushoto kwake. Lami ya kwenda Handeni ilikuwa tupu. Mjomba aliniuliza mara ya kwanza kabla hatujayaacha majumba ya Korogwe: "Unausikia?" Hapana, nikasema, na kwa kweli sikuusikia. Akaniuliza tena. Hapana. Tulipita Handeni mjini, watu wanashusha nyanya, akaniuliza katikati ya kelele zile ambazo hata honi usingeisikia. Hapana mjomba. Kila nikijibu mabega yake yanashuka kidogo. Nilijiona nimefanikiwa. Nilikuwa nimeshaanza kutunga jinsi nitakavyomsimulia mama.

Tuliacha lami. Vumbi jekundu, mashamba ya mahindi yaliyokauka, ng'ombe wa Kimasai wanavuka kwa raha zao. Nilihisi kabla sijaambiwa kwamba tumekaribia pale gari lilipoharibika siku ile, kwa sababu bibi aliacha kuvuta tasbihi. Njia ilinyooka kati ya vichaka. Gari lilipunguza mwendo lenyewe, au ndivyo ilivyoonekana.

"Unausikia?"

Na nikausikia.

Nimeshafikiri sana juu ya hili, na nina maelezo. Saa ile ya mchana nyenje wanalia porini kwa sauti nyembamba ya kukwaruza, na wakiwa wengi sauti yao inapanda na kushuka kama kitu kinachozunguka. Pia mkanda mpya kabisa hulia wakati mwingine kabla haujazoea. Pia mtu ukiulizwa jambo mara nyingi, mwishowe unalikuta. Maelezo matatu, na kila moja linatosha. Siku ile sikuwa nalo hata moja. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema hapana na neno halikutoka, na mjomba hakuhitaji zaidi ya hapo. Alisimama.

Akashuka, akavunja matawi, akayaweka mbele na nyuma. Akafungua boneti. Akaanza kuuvua mkanda tuliofunga siku iliyotangulia.

Kijana wa pikipiki alipita, akapunguza. "Shikamoo mzee. Imekufa?"

"Marahaba. Haijafa."

"Sasa mbona umeiwekea matawi?"

Mjomba aliendelea kulegeza boliti. Kijana alinitazama mimi, nikatazama pembeni, akamtazama bibi mle ndani ya gari, akakanyaga gia akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Nilirudi kukaa na bibi. Alikuwa amelaza mkono juu ya kiti kile kitupu na anakipapasa, anakinyoosha kitambaa chake, anarudia. Nilimwuliza kama anataka maji. Akasema, "Mwite mwanangu."

Mjomba alikuja dirishani na mikono yake ikiwa imejaa grisi. Bibi alimshika kifundo cha mkono, hakujali uchafu. Alikuwa anapumua kwa shida, na nilijua, kama unavyojua mtu anataka kupiga chafya, kwamba kuna jambo limefika mdomoni.

"Mwanangu," akasema. "Siku ile..."

"Najua, mama." Mjomba alimkatiza. Sijawahi kumsikia akimkatiza mama yake kabla au baada. "Najua. Niliusikia mkanda ukilia na sikuubadilisha. Nisamehe. Miaka yote nilitaka kukuomba na sikuweza. Nisamehe mama yangu."

Nyenje walilia. Bibi alimtazama, akanitazama mimi, akakitazama kile kiti. Kile kilichokuwa mdomoni nilikiona kinarudi chini, nilikiona kabisa kwenye koo lake.

"Nimekusamehe," akasema.

Mjomba aliweka paji la uso kwenye ukingo wa dirisha akalia kwa sauti. Nilifurahi. Nilidhani nimeona mambo yakimalizika. Lakini alipomaliza kufunga mkanda na kuondoa matawi, aligeuza gari kurudi Korogwe, taratibu, kwa kwenda mbele na nyuma katika njia ile finyu, na bibi hakusema neno kumzuia. Kwaluguru ilikuwa karibu sana. Nilisema, "Mjomba, tumeshafika." Akasema, "Siwezi, mpwa wangu. Ameshanisamehe lakini bado nausikia."

Bibi alifariki Kwamndolwa kabla ya mvua za vuli. Alipelekwa kwake kwa gari la kukodi, akiwa ndani ya sanda, na mjomba alikaa nyuma na wanaume wengine akishikilia jeneza la msikiti lisiyumbe. Tulipopita pale aliinamisha kichwa. Yeye bibi alifika nyumbani kwake mwishowe, lakini si kwa namna aliyoiomba, na hilo mjomba alijiongezea juu ya lile la kwanza. Baada ya arobaini alianza kubadilisha mikanda kila baada ya wiki mbili.

Nilipata kazi mbali, nikaondoka. Kila nikirudi nyumbani nilimkuta amekonda zaidi. Alikuwa ameacha kupandisha Dindira. Alisema hawezi kubeba watu, maana wakimwongelesha hausikii mkanda vizuri. Gari lilibaki uani akiliwasha na kulizima.

Ilikuwa Idd, miaka kadhaa baada ya bibi, mama na mimi tunachambua mchele barazani, wageni hawajafika. Nilikuwa nalalamika. Nilisema bibi alimsamehe kwa kinywa chake na mimi ni shahidi, kwa hiyo huyu mjomba anataka nini tena? Mama aliendelea kupepeta mpaka nikadhani hakunisikia. Halafu akaweka ungo chini.

"Hakuwa na la kusamehewa," akasema.

Alinieleza kwa utaratibu wa mwalimu, bila kulia. Alisema huku kwetu kuna jambo haliulizwi, linajulikana tu: mgonjwa akikata roho ndani ya gari, dereva haambiwi. Ukimwambia, mikono inakufa ganzi kwenye usukani na mnakuwa maiti wote. Unasema amelala. Mnashika kimya mpaka mfike, na dereva atajua kwa kuambiwa na wengine. Kila mwanamke aliyewahi kusindikiza mgonjwa analijua hilo. Siku ile bibi alimminya mama mkono tu, na mama akaelewa.

"Halafu gari likaharibika," mama akasema. "Tukasema sasa tumwambie? Anakimbia huku na huku, anavunja matawi, anasimamisha watu. Bibi yako akasema ngoja, bado anatakiwa kuendesha. Mimi nikawa nampepea, ili akitazama aone tunampepea."

"Na baada ya kufika?"

"Baada ya kufika alishajitangazia mwenyewe kosa, mbele ya watu. Mama akasema tukimwambia sasa ataona tulimchezea, kwamba alipigana vile mbele yetu na sisi tunamtazama. Tukasema tumwache apoe kwanza. Msiba ukaisha. Mwaka ukaisha. Kila tukingoja, uongo unakuwa mkubwa kuliko kifo chenyewe." Aliokota punje moja ya mchele mkekani akairudisha kwenye ungo. "Mama alitaka kumwambia palepale, kwa gari lilelile. Ndiyo maana alikataa kupelekwa na mtu mwingine. Na wewe ulikuwepo, ukasikia alivyokatizwa."

Nilimwambia aende amwambie mdogo wake sasa hivi. Mama alitikisa kichwa. Akasema ameshajaribu zaidi ya nilivyojua, na kila akifungua mdomo anayaona macho ya mjomba ya siku ile. Akaniambia, "Wewe ndiye unayependa ukweli. Mpelekee."

Nilimkuta mjomba amekaa kivulini nyuma ya nyumba, kanzu ya Idd imepigwa pasi vizuri, kikombe cha chai mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nilikaa, nikamwambia kama nilivyoambiwa, bila kuongeza langu: kwamba mama mdogo alikata roho kwenye mteremko wa kwanza tu baada ya kutoka nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa bibi, wakati gari likiwa zima na yeye akiendesha vizuri.